Kutia Viraka Programu: Mnyapara Asisahauliwe

Katika idara na makampuni makubwa ya leo, fundi wa kompyuta haiendei tena seva moja moja ili kuirekebisha. Mara nyingi seva hizo hazimo hata katika jengo lake. Zimekodiwa katika huduma za wingu, yaani katika majumba ya mitambo ya makampuni mengine yaliyo mbali, naye huzifikia kwa njia ya intaneti. Kazi ya kuziamuru imekabidhiwa mtambo mmoja wa juu, ambao wafaa kuitwa mnyapara. Fundi humwandikia mnyapara agizo moja, na seva mia tano hulitii kwa dakika chache.

Manufaa ya mpango huu hayana ubishi, lakini umezaa ugonjwa wake. Mnyapara naye ni programu, na kama programu zote ana kasoro ambazo hugunduliwa baadaye na kutolewa kiraka, yaani kipande cha programu cha kuziba kasoro hiyo. Ajabu ni kwamba yeye anayezitia viraka seva nyingine ndiye ambaye mara nyingi hukaa bila kutiwa. Wakubwa huogopa kumsimamisha hata kwa nusu saa, wakidhani kazi zote zitasimama pamoja naye. Hofu hiyo imezidi kiasi. Mnyapara akinyamaza, seva kwa kawaida huendelea kuwahudumia wateja kama zilivyoamriwa mwisho. Kinachongoja ni maagizo mapya tu.

Yaliyoupata mfumo uitwao Salt mwaka 2020 ni ushahidi wa kutosha. Mwezi Machi mwaka huo, wataalamu wa kampuni ya F-Secure ya Finland waligundua kwamba mtu yeyote aliyeweza kuifikia seva kuu ya Salt kwenye mtandao aliweza kuiamuru bila kuulizwa neno la siri, na kwa kupitia hiyo akaziamuru seva zote zilizo chini yake kwa mamlaka ya juu kabisa. Katika kipimo cha hatari ambacho mwisho wake ni 10, kasoro hiyo ilipewa 10. Kiraka kilitolewa tarehe 29 Aprili, na siku iliyofuata, Alhamisi, kasoro ikatangazwa. Wataalamu hao walikuwa wamehesabu seva kuu zaidi ya 6,000 zilizoachwa wazi kwenye intaneti, ingawa mnyapara hana haja yoyote ya kuonekana na ulimwengu mzima.

Ijumaa ilikuwa Mei Mosi, na katika nchi nyingi watu walikuwa mapumzikoni. Kufikia Jumapili tarehe 3, wadukuzi walikuwa wamekwisha kuziingilia seva za LineageOS, watengenezaji wa programu endeshi ya simu, na za Ghost, kampuni inayowapa waandishi mtambo wa kuchapishia makala. Huko Ghost waliziamuru seva zichimbe sarafu za kidijitali kwa faida yao. Uchoyo wao ndio uliowaumbua, kwa kuwa seva zilielemewa na kazi hiyo mpaka wenyewe wakashtuka. Mwizi mwenye subira asingalijulikana upesi hivyo.

Wapo watakaosema kuwa dawa ni kuweka kila kipya mara kinapotoka, tena kila mahali kwa wakati mmoja. Rai hiyo nayo ina hatari yake. Tarehe 19 Julai 2024, saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili jipya la programu yake ya ulinzi likiwa na kosa. Lilirudishwa baada ya dakika 78, lakini kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha anguka, na nyingi zilihitaji kuinuliwa kwa mkono, moja baada ya moja.

Wala kuharakisha si hatari pekee. Kazi ikiachwa nusu huweza kudhuru kuliko kutofanywa kabisa. Kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilikuwa na seva nane za kupokea programu mpya mwaka 2012. Fundi aliziwekea saba, ya nane akaisahau, na hakuna mtu wa pili aliyekagua. Soko lilipofunguliwa tarehe 1 Agosti, seva ya nane ilifufua programu ya zamani iliyokuwa haitumiki tangu mwaka 2003, ikaanza kutoa amri za kununua na kuuza bila kikomo. Katika hangaiko la kutafuta chanzo, mafundi waliiondoa programu mpya katika zile seva saba zilizokuwa sawa, nazo zikaanza kufanya kama ya nane. Kwa dakika 45 hivi hasara ilizidi dola milioni 460. Barua pepe 97 za tahadhari zilikuwa zimetumwa na mtambo wenyewe kabla ya soko kufunguliwa. Hazikushughulikiwa.

Basi kiraka cha mnyapara kianze kujaribiwa katika seva chache za majaribio, ambazo ofisi nyingi hukataa kuzigharimia kwa kuwa hazileti mapato. Kabla ya kukitia, ichukuliwe nakala ya mnyapara pamoja na hifadhi yake ya kumbukumbu, vyote kwa wakati mmoja, maana kiraka huweza kubadili mpangilio wa kumbukumbu hizo, na anayerudisha programu peke yake atakuta haziwezi kusomeka. Kikiisha kutiwa, mtu wa pili, asiye yule aliyekitia, azihesabu seva na kuangalia toleo lililomo katika kila moja. Kazi hiyo ipewe siku yake katika ratiba ya kila mwezi na fungu lake katika bajeti, na kwa kasoro iliyopewa 10 ratiba ivunjwe hata kama kesho yake ni sikukuu.