Ushauri wa Familia ni Kazi ya Haki



Katika parokia zetu nyingi, mwenye taabu nyumbani hupewa neno moja tu: "Vumilia." Mke aliyepigwa huambiwa avumilie, kijana aliyekata tamaa huambiwa azidishe sala, na baba aliyeachishwa kazi akaangukia ulevini husemwa kando ya jumuiya, wala hapatikani wa kwenda kuketi naye. Uvumilivu ni fadhila, na sala ndiyo nguvu yetu. Lakini atoaye ushauri huo aghalabu hajasikiliza hata robo ya kilio chenyewe. Wahenga walinena kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ndiyo maana napendekeza kila parokia iwe na huduma ya ushauri nasaha kwa watu binafsi na kwa familia, bila malipo, na bila kuuliza dini ya mtu.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni la kigeni. La hasha! Wazee wetu walikuwa na mshenga, somo, shangazi na baraza la ukoo. Leo familia nyingi zimehamia mijini, na shangazi yuko mbali. Hata hivyo tusizipambe mila kupita kiasi. Mara nyingine ukoo uliogopa kurudisha mahari kuliko ulivyoogopa kumrudisha binti kwenye kipigo.

Hapa nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa. Isipokuwa kwa sababu chache maalumu, dai la talaka halipelekwi mahakamani kabla baraza halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Ni utaratibu mwema, ila wengi hufika huko nyumba imekwisha kuungua. Huduma ya parokia ingewafikia moshi unapoanza kufuka.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 66, yasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, yamruhusu mwenzi anayetiwa katika hatari kubwa ya roho au ya mwili kuishi mbali na mwenzake. Na pale ambapo kukawia kuna hatari, aweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Kifungo cha ndoa hubaki. Basi, anayemwambia mama mwenye majeraha, "Rudi ukavumilie," haitetei sakramenti, bali anaongeza dhuluma juu ya dhuluma.

Huduma hii yadai mambo matatu. Kwanza, siri. Jumuiya Ndogo Ndogo ni mahali pa sala na msaada, si pa kuanika aibu ya jirani. Asiyeweza kuuzuia ulimi wake asiteuliwe, hata akiwa mwenyekiti. Pili, mafunzo. Wateuliwe wanawake na wanaume, wajifunze kusikiliza kabla ya kunena, wala wasiwaweke mume na mke chumba kimoja ikiwa mmoja anamhofu mwenzake. Tatu, kujua mipaka. Mgonjwa wa akili apelekwe hospitali. Mtoto aliyetendewa ukatili afikishwe kwa Ofisa Ustawi wa Jamii na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kosa la jinai halimalizwi kwa mbuzi na pombe.

Je, gharama? Yatosha chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, viti vitatu, na watu waaminifu wa kukaa humo siku mbili kwa juma. Halmashauri ya Walei inayoweza kuchangisha fedha za mnara wa kengele haishindwi na hilo.

Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ilituita tuwe Kanisa lililo Familia ya Mungu. Katika familia, anayelia huulizwa kwanza ameumia wapi. Nawasihi viongozi wa walei walete jambo hili kwenye mkutano ujao wa parokia, nao wasiondoke kabla ya kutaja chumba, siku, na majina ya watakaofunzwa.