Tuisheni Ianze kwa Kumpima Mtoto



Siku hizi vijana wetu waliomaliza kidato cha nne na cha sita wameanza kufundisha tuisheni. Jambo hili ni jema. Kijana anapata chochote cha mfukoni na mtoto anapata msaada. Lakini tuseme kweli bila kuoneana haya. Ziko tuisheni ambazo mtoto ananakili ubao mzima, anarudi nyumbani daftari limejaa, na hesabu iliyomshinda jana inamshinda na leo. Mzazi ameuza maharage yake, kumbe amenunua maandishi tu. Hapo nani amefaidika?

Tangu Januari 2016 shule za Serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Kwa hiyo pesa ya tuisheni mzazi anaitoa kwa hiari yake, juu ya sare, madaftari na sabuni. Anayeipokea hana budi kuonyesha kazi.

Kijana unayetaka kuanza, ujue kwanza kazi yako ni ipi. Si kuwa shule ya pili. Shuleni mwalimu ana darasa zima mbele yake, hawezi kukaa na kila mtoto. Wewe kazi yako ni kutafuta mahali mtoto huyu mmoja alipokwama, na kumtoa hapo.

Wazee wetu wanaukumbuka Kisomo. Mradi wa majaribio wa Kanda ya Ziwa wa 1968 hadi 1972 uliufikia na mkoa wetu, wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi. Baadaye kampeni ikaenea nchi nzima. Wengi waliofundisha hawakutoka vyuo vya ualimu. Walikuwa wanakijiji waliojua kusoma na vijana waliomaliza la saba. Mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa taifa, na watu wakapangwa kwa madaraja, kila mtu mahali pake. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa 67 kwa mia. Kufika 1975 walikuwa 39 kwa mia. Kazi hiyo ilifanywa na watu wa kawaida waliofuata utaratibu. Basi na sisi tufuate utaratibu.

KWANZA, PIMA. Siku ya kwanza usifundishe. Mpe mtoto kipande cha kusoma, hesabu kumi na sentensi tano za kuandika. Anza na za madarasa ya chini, upande pole pole. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kushindwa hesabu za leo kwa sababu hakuijua vizuri jedwali ya kuzidisha ya la tatu. Ukimrundikia za kidato cha kwanza unampotezea muda. Rudi naye la tatu, wala asione aibu.

PILI, TAFUTA SABABU YA KOSA. Mtoto akigawanya 306 kwa 3 akaandika 12, usiweke alama ya kosa ukapita. Mwulize, 12 mara 3 ni ngapi? Atasema 36. Hapo mwenyewe ataona kuna sifuri aliyoiruka, na jibu ni 102. Vivyo hivyo katika lugha. Nyumbani tunasema Kihangaza au Kisubi, na watoto wengi wanachanganya l na r. Mtoto anaandika "nimekura ugali". Huyo si mjinga, ameandika anavyosikia. Mpe maneno mawili mawili, kula na kura, ludi na rudi, ayatamke, ayaandike, aseme lipi ni sahihi.

TATU, TUMIA VITU VYA HAPA. Vitabu vya Kisomo vilifundisha kusoma kwa habari za ndizi, pamba na uvuvi, mambo ambayo watu waliyajua. Na sisi mizani ya kahawa tunayo. Kilo, gramu, asilimia, makato, yote yapo katika stakabadhi ya mkulima. Namba hasi zifundishe kwa deni la dukani. Kwa wa sekondari mzigo mkubwa ni Kiingereza. Mtoto anajua kabisa kazi ya moyo, ila swali hakulielewa. Mweleze kwa Kiswahili mpaka aelewe, kisha mfanye alisome swali na kulijibu kwa Kiingereza, sentensi moja moja.

NNE, VITABU VIWE VYA SASA. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa. Daftari lako la zamani lisiwe ndiyo mwongozo. Nenda kwa mwalimu wa shule, mwulize wamefika wapi. Yeye si mshindani wako.

TANO, ANZA NA WACHACHE. Watoto wanne au watano wanatosha. Kila mmoja awe na ukurasa wake katika daftari lako: alianzia wapi, leo amefika wapi. Kila mwisho wa mwezi mwite mzazi, mwonyeshe. Hata mzazi asiyejua kusoma, mtoto asome mbele yake, atasikia mwenyewe. Bei itamkwe mapema, na asiye na pesa mpaka msimu wa kahawa mwandikiane.

SITA, HESHIMA YA MTOTO. Tuisheni ifanyike mahali pa wazi, si chumbani, na iishe kabla jua halijazama, hasa kwa mabinti. Fimbo iache nyumbani. Na mtoto hakuja kupalilia shamba lako wala kukuchotea maji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyonya mtoto kwa kazi.

Wazazi nanyi msikwepe. Ukilipa tuisheni halafu jioni yote mtoto yuko na mbuzi, unamwaga maji mchangani. Mpe saa moja na mwanga.

Tunapendekeza baraza la ghala letu la ushirika litumike kwa kazi hii siku ambazo hakuna mapokezi ya mazao. Linaonekana na kila apitaye, na ubao upo. Kijana aliye tayari ajiandikishe kwanza kwa Serikali ya Kijiji, na mwalimu mkuu ajulishwe.

Kijijini hapa vijana waliosoma wapo, na watoto waliokwama wapo. Tuwakutanishe, lakini kwa kazi inayoonekana. Asiyeweza kumwonyesha mzazi mtoto amesogea wapi, asipokee pesa ya mwezi wa pili.