Wino Mwekundu Daftarini

Dada mpendwa, mtoto anaporudi kutoka shuleni na daftari la insha, jicho lako huenda wapi kwanza? Sisi tunakiri kwamba la kwetu lilikuwa likienda moja kwa moja kwenye ile pembe ya ukurasa ambapo mwalimu ameandika alama. Zikiwa nyingi, tulitabasamu. Zikiwa chache, uso ulikunjamana kabla hatujasoma hata mstari mmoja. Mwezi huu tungependa tuzungumze nanyi juu ya jambo hili, kwa maana liliwahi kutugharimu.

Ilikuwa mwaka 2018. Binti yetu wa pili alikuwa darasa la saba, na mwaka uliofuata angefanya mtihani wa K.C.P.E., ambao insha yake ya Kiswahili ilikuwa na alama 40. Nyumbani hatukuwa na mazungumzo mengine ila mtihani huo. Jioni moja alileta insha yenye kichwa "Siku Nisiyoweza Kuisahau". Alama zilikuwa 17 kwa 40, na ukurasa mzima ulijaa wino mwekundu. Tulimwita jikoni tukamgombeza mbele ya wadogo zake. "Kumi na saba! Karo yote hii tunalipia kumi na saba?" Yeye hakujibu. Alilichukua daftari lake akaenda kulala bila kula.

Wiki tatu baadaye alileta insha nyingine, na hii ilikuwa na alama 31. Ilisimulia safari ya kwenda Mombasa. Jua liliangaza, ndege waliimba, upepo mwanana ulivuma, na moyo wa msimulizi ulijaa furaha ghaya. Katika ukurasa wa kwanza pekee mlikuwa na methali tano. Tulimpongeza sana, tukampikia chapati. Lakini binti yetu alikuwa hajawahi kufika Mombasa, na maneno yale yote aliyatoa katika kitabu cha insha za mfano ambacho sisi wenyewe tulimnunulia.

Muhula ulipokaribia kwisha tulikwenda shuleni siku ya wazazi. Mwalimu wake wa Kiswahili alituuliza, "Mama, ile insha ya habari za baba yake, mliisoma?"

Tukasema, "Ndiyo, mwalimu."

Akatutazama kwa upole. "Mliisoma, au mliona alama?"

Tuliporudi nyumbani tulilitafuta daftari lile. Insha ilikuwa juu ya siku ambayo baba yao aliachishwa kazi. Binti yetu aliandika kwamba baba alirudi saa sita mchana, wakati ambao hakuwahi kurudi, naye alikuwa amebeba katoni. Aliandika kwamba mama aliacha kukata sukuma, kisu kikabaki mkononi. Hakuna aliyesema neno. Yeye aliingia chumbani akahesabu penseli zake ili ajue zitamfikisha mwezi gani.

Chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, mwalimu alikuwa ameandika: "Umenigusa. Gawa aya, sahihisha tahajia, kisha uniletee tena." Mtoto hakumpelekea. Ni nani angerudia kazi ambayo mama yake amemwaibisha kwa ajili yake?

Alama hutoka wapi?

Tusije tukamlaumu mwalimu. Insha ile ilikuwa na kasoro za kweli. Haikuwa na aya hata moja, ilikuwa fupi mno, na "alikuwa" liliandikwa "alikua" mara tisa. Mwalimu alitoa alama alizoona zinafaa, kisha akaonyesha njia ya kuziongeza. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tulisoma namba tukaacha maneno.

Ni vizuri mama ajue jinsi insha inavyosahihishwa. Tuchukue mtihani wa K.C.S.E. wa kidato cha nne. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni ya insha. Mtahiniwa hupewa maswali manne. La kwanza ni la lazima, naye huchagua jingine moja katika yale matatu yaliyosalia. Anayo saa moja na dakika 45 kuandika insha zote mbili, na kila moja ina alama 20.

Watahini huwa na viwango vinne. Kiwango cha D ni alama 1 hadi 5, cha C ni 6 hadi 10, cha B ni 11 hadi 15, na cha A ni 16 hadi 20. Msomaji hujiuliza kwanza: je, mtoto huyu amejibu swali? Mawazo yake yanaeleweka na kufuatana? Lugha yake inavutia? Baada ya kuiona insha nzima ndipo huiweka katika kiwango chake, akipima maudhui, msamiati, mtindo, sarufi na tahajia. Kwa hiyo mtoto mwenye makosa machache lakini asiye na la kusema hawezi kufika juu. Vilevile mwenye jambo zuri la kusema atarudi nyuma ikiwa msomaji anajikwaa kila mstari.

Hata hivyo, kuipima insha si kama kupima unga kwa mizani. Mwaka 1912 wataalamu wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, walieleza jaribio walilofanya. Walichukua karatasi za mtihani wa Kiingereza za wanafunzi wawili, wakawapa walimu wengi wa shule za sekondari nakala zilezile wazisahihishe kwa alama 100. Karatasi moja ilipewa 64 na mwalimu mmoja, na 98 na mwingine! Maneno yalikuwa yaleyale. Aliyebadilika ni msomaji tu. Ndiyo sababu katika mitihani mikubwa watahini hukubaliana kwanza juu ya mwongozo mmoja kabla hawajagawana karatasi.

Huenda wewe una mtoto katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika shule zetu mwaka 2019. K.C.P.E. ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na akina mama wengi wamechanganyikiwa kuona maneno mahali walipozoea kuona namba: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Usifadhaike. Swali la kumwuliza mwalimu ni lilelile: "Mtoto wangu amekwama wapi, na hatua inayofuata ni ipi?"

Makosa yana chimbuko

Wengi wetu tukiona kosa la tahajia husema, "Huyu ni mvivu." Si kila mara. Mtoto huandika anavyosikia. Aliyelelewa katika Kikuyu huenda akaandika "kurara" badala ya "kulala", kwa sababu sauti hizo mbili hazitofautishwi katika lugha ya nyumbani. Aliyelelewa katika Kijaluo huenda akaandika "samba" akikusudia "shamba". Wengine hutenganisha neno, wakaandika "ana kata", kwa kuwa Kiingereza wanachokisoma siku hiyohiyo hukata maneno namna hiyo. Ukijua kosa limetoka wapi, utalirekebisha kwa utulivu. Mtoto anayeitwa mvivu hajifunzi tahajia. Hujifunza kuandika machache ili akosee machache.

Tusome namna gani?

Tangu siku ile tumejizoeza utaratibu ambao tunawashauri nanyi mwujaribu. Hauchukui zaidi ya robo saa.

Kwanza, mwombe mtoto akusomee insha yake kwa sauti wewe ukiendelea kumenya viazi. Usishike kalamu. Akimaliza, mwambie jambo moja ulilolipenda, na uwe mkweli. Kisha uliza, "Ikawaje baadaye?" au "Huyo mzee alivaa nini?" Majibu yake ndiyo maudhui yaliyokosekana kwenye karatasi.

Pili, tazameni mpangilio. Mwanzo uko wapi? Kila aya ina wazo lake? Mwisho umefika, au mwandishi alisikia kengele tu akaacha?

Tatu, angalieni maneno. Ukikuta methali, mwulize maana yake. Akishindwa kuieleza, basi si yake, ameiazima. Vitabu vya insha za mfano si vibaya, kwani mshonaji naye huanza kwa kutazama gauni la mwingine. Lakini mtoto anayemeza kurasa nzima atapata taabu siku atakapokutana na swali ambalo halimo kitabuni.

Nne, na mwisho kabisa, makosa. Chagueni aina moja tu kwa wiki. Wiki hii "alikuwa", wiki ijayo herufi kubwa na nukta. Ukimrundikia yote ishirini atayaacha yote ishirini. Baadaye aandike upya, kwa mkono wake na kwa mawazo yake. Dada, usimwandikie! Insha uliyoiandika wewe ni alama zako, wala hutaingia naye katika chumba cha mtihani.

Na ile siri ya nyumbani?

Hapa ndipo penye uchungu, na hatutaki kupaficha. Tuliposoma insha ile kwa mara ya kwanza kikamilifu, hatukufikiria aya wala tahajia. Tuliona haya. Mwalimu alikuwa amejua kwamba baba hana kazi, nasi tulikuwa hatujawaambia hata majirani. Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata, na kumbe kata yetu ilikuwa imekwenda shuleni na kalamu.

Lakini tulipotafakari tuliona jambo jingine. Kwa wiki zile zote tulidhani watoto hawajui uzito wa mambo. Tulinong'ona chumbani tukiamini tunawakinga. Kumbe mmoja wao alikuwa akihesabu penseli. Hakuwa na mahali pa kuuliza, akauliza daftarini, nasi tukamjibu kwa namba 17.

Hatusemi kila jambo la nyumba liandikwe. Mtoto anaweza kufundishwa kwamba yako mambo ya kusimulia na yako ya kumwambia mama peke yake, naye ana ruhusa ya kubadili majina na mahali. Lakini asifundishwe kwamba ukweli huleta fimbo na uongo uliopambwa huleta chapati. Somo hilo tulimfundisha bila kujua, na lilimwingia upesi. Hakuandika tena habari za nyumbani mpaka alipofika kidato cha pili, ingawa tulimwomba msamaha usiku uleule wa siku ya wazazi, baba yake akiwepo.

Tulipomwomba msamaha, alituuliza swali moja tu: "Sasa mnataka niandike ya kweli au ya alama?" Tulishindwa kumjibu mara moja. Leo tungemwambia, "Mwanangu, andika ya kweli, kisha tukae pamoja tuitengeneze mpaka ipate na alama."

Basi dada, jioni ya leo daftari likifika mezani, funika ile pembe ya alama kwa kiganja chako. Mwambie, "Nisomee." Sikiliza mpaka mwisho, tena usome na maneno aliyoandika mwalimu pale chini. Ukishasikia, ndipo uinue kiganja. Huenda namba ikawa ileile ndogo, ila utakuwa umejua ni ya nini.

Insha ile ya alama 17 tunayo hadi leo. Tumeiweka ndani ya bati la biskuti, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.