Roketi inangoja radi ipite, wakaaji wa Kivu wanaambiwa na nani wangoje?

Tarehe 27 Mei 2020, wanaanga wawili wa Marekani, Doug Hurley na Bob Behnken, walikuwa wamekwisha kufunga mikanda ndani ya chombo chao kule Florida. Rais wa nchi yao alikuwa amekuja kushuhudia. Zikiwa zimebaki karibu dakika 17, safari ikasimamishwa. Roketi ilikuwa nzima, lakini mawingu yalikuwa na hatari ya radi. Waliruka siku tatu baadaye.

Kuna sababu ya woga huo. Roketi ikipanda na mkia wake wa moto, inakuwa kama waya mrefu ndani ya wingu, na yenyewe inaweza kuita radi. Tarehe 14 Novemba 1969, Apollo 12 iliruka kwenye mvua mbele ya Rais Nixon, ikapigwa mara mbili kabla ya dakika moja kwisha. Wanaanga walipona. Mwaka 1987, roketi nyingine isiyo na watu ilipigwa ikaharibika kabisa. Baada ya hapo masharti yakakazwa. Radi ikipiga karibu, watu wanangoja dakika 30, hata kama rais amekaa pale.

Sasa tugeukie Kivu Kusini. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, kutokana na vipimo vya satelaiti, ulionyesha kwamba Kabare ndiyo inaongoza Afrika nzima kwa radi: zaidi ya mara 200 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Satelaiti hiyo ilipelekwa juu na roketi. Kwa hiyo dunia inajua vizuri sana kinachopiga Kabare. Anayekosa habari ni mwanafunzi aliye chini ya mabati, mama aliye shambani na mvuvi aliye ziwani.

Wengine watasema radi na mvua ni mapenzi ya Mungu. Sawa, lakini tahadhari ni kazi ya watu. Mwezi wa Mei 2023, maji na matope viliua watu zaidi ya 400 kule Bushushu na Nyamukubi, wilaya ya Kalehe.

Hakuna anayeomba vyombo vya Florida. Redio za mitaa zipo, simu zipo. Serikali ya jimbo inaweza kuhakikisha habari za hali ya hewa zinafika redioni kila asubuhi, kwa Kiswahili na kwa Mashi. Mwalimu apewe ruhusa ya kuwazuia watoto darasani mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Mkubwa wa bandari apewe nguvu ya kukataza mtumbwi kuondoka, hata kama mwenye mzigo ni tajiri.

Kama rais wa Marekani aliweza kurudi nyumbani bila kuona roketi ikiruka, mwenye mzigo naye anaweza kungoja nusu saa.