Mgeni Njoo, Kobe Apone

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji akiwa kobe, na mgeni akiwa baharia mwenye njaa, mambo huwa kinyume.

Aldabra ni kisiwa cha matumbawe katika Shelisheli, mbali na mji wowote. Wako huko kobe wakubwa wapatao laki moja, na ndege asiyeweza kuruka, wa mwisho wa namna yake katika Bahari ya Hindi. Morisi, Réunion na Rodrigues nako walikuwako kobe wao wa asili. Mabaharia waliwapakia ngamani wakiwa hai, maana kobe hukaa miezi bila chakula wala maji, wakawala hadi wakaisha. Aldabra iliokolewa na umbali wake. Hata hivyo iliponea chupuchupu mwaka 1967, Uingereza ilipoacha mpango wa kujenga huko uwanja wa ndege wa kijeshi. Tangu 1982 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Siku hizi watalii huenda kwa vikundi, kwa meli, kuwatazama kobe hao. Wako wasemao safari hizo zikomeshwe. Mimi sikubaliani nao. Kikundi kinachomfuata kiongozi, kisichookota hata kauri moja, kikarudi kulala chomboni, hakimdhuru kobe. Amdhuruye ni yule asiyefika, bali taka zake hufika. Mwaka 2019 kikundi cha watu wa Shelisheli na wa Chuo Kikuu cha Oxford kilikaa huko wiki tano, kikakusanya tani 25: nyavu, kamba, na kandambili kwa maelfu. Naam, hao ndio wageni waliomponya mwenyeji.

Nasi wa pwani tusiwanyooshee wengine kidole. Kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, kililetewa kobe wanne kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wakazaana hata wakafika kiasi cha 200. Kufikia 1996 walibaki saba tu. Wezi walikuwa wamewamaliza. Bahari ya kuwakinga haikuwako, dau lilitosha.

Basi, ndugu msomaji, si lazima ufike Aldabra. Mwendapo na jamaa Kisite au Kiwayu kwa matembezi ya Idi, chupa na mifuko irudi nanyi, mayai ya kasa yabaki mchangani. Viumbe hao nao ni wa Mola, na kisiwa ndiyo nyumba yao. Mgeni mwema huaga, mwenyeji asihesabu vyombo vyake.