Mchoro Usiomjua Mkerezaji

Katika vyuo vyetu vya ufundi na uhandisi umeota mizizi mtindo wa kumpima mwanafunzi kwa uzuri wa picha iliyo kwenye kiwambo cha kompyuta. Mfano nitakaoutumia leo huenda ukawashangaza wasomaji waliozoea kukuta hapa habari za katiba na bajeti. Nawaomba wavumilie: ni mpini wa chuma tu, lakini humo ndani zimo siasa zetu za elimu.

Aliyewahi kushika chuma cha kunyanyulia uzito anaujua ule uso unaokwaruza kiganja kama tupa, wenye mifuo inayopishana mithili ya wavu. Kazi yake ni kuzuia mkono wenye jasho usiteleze. Mwanafunzi anaagizwa kuuchora uso huo katika programu ya usanifu. Anachora mfuo mmoja wa pembetatu, anaupitisha kwenye mstari wa hesi, anaurudia kuuzunguka mpini mzima, kisha anafanya vivyo hivyo kwa mwelekeo wa pili ili mifuo ikatane. Kwa mpini wenye kipenyo cha milimita 25 na urefu wa milimita 100, mifuo ikiachana kwa milimita 0.8 na kulala kwa nyuzi 30, vinapatikana vinundu zaidi ya 10,000, kila kimoja na nyuso nne. Kompyuta inagoma. Kijana anakesha. Asubuhi picha inang'aa, naye anapewa alama za juu.

Karakana haihitaji hata kimoja katika vinundu hivyo. Mkerezaji hufunga mpini kwenye mashine yake, akaukandamiza kwa magurudumu mawili madogo ya chuma kigumu yenye meno, na mifuo ikajichora yenyewe. Anachotaka kwenye mchoro ni mstari mmoja wa maandishi: aina ya mifuo, umbali kati yake, na sehemu inayopaswa kutiwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13444 kinahusu namna ya kuonyesha jambo hilo hilo. Wajerumani, kwa kiwango chao cha DIN 82, huandika RGE 0.8 wakamaliza.

Lipo pia jambo ambalo picha hailisemi. Magurudumu yale hayakati chuma, huyakandamiza tu mabonde nayo vilima vikainuka, hivyo mpini hutoka mnene kuliko ulivyoingia. Msanifu asiyelijua hilo ataagiza kipenyo ambacho hakitaingia mahali pake. Tena, mzingo wa mpini usipolingana na hatua za meno, mzunguko wa pili hauangukii kwenye alama za ule wa kwanza na uso mzima unavurugika. Mkerezaji mzoefu wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kamukunji, Nairobi, hulitambua kosa hilo mapema, akapunguza unyoya wa chuma na kuanza upya. Mhitimu wetu mwenye faili la kupendeza hajui hata kwamba pana jambo la kutambuliwa.

Wenzangu watanijibu kwamba zama zimebadilika, na kwamba kwa mashine za kuchapa vitu kwa plastiki kila kinundu hulazimika kuwemo katika faili. Ni kweli, maana huko hakuna gurudumu la kukandamiza. Lakini mashine nyingi za aina hiyo zina mdomo wa milimita 0.4, na ncha zilizo nyembamba kuliko mdomo hupotea au hutoka butu. Huko nako anayechora bila kujua kitu kitatengenezwaje anachora pambo.

Mchoro ni barua. Ukisahau unamwandikia nani, hati yako nzuri haitakusaidia. Na sisi tumemsahau mwandikiwa kwa sababu za kitabaka, tukubali. Mkerezaji ana mafuta mikononi na pengine hana cheti. Mhadhiri ana shahada. Kwa hiyo inaonekana fedheha wa pili kumwuliza wa kwanza kama mchoro unasomeka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, nami naiunga mkono. Nachelea tu kwamba amali nayo itageuzwa kuwa chumba cha kompyuta chenye kiyoyozi, kwa kuwa chumba hicho hupendeza siku ya uzinduzi kuliko karakana yenye vumbi la chuma.

VETA tayari wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Basi wawepo mafundi hao katika jopo la watahini. Mwanafunzi apeleke mchoro wake karakanani bila kuandamana nao, fundi autengeneze kama ulivyoandikwa, kisha alama zitolewe kwa kushika kile kilichotoka. Kipande cha nondo laini na saa moja ya mashine si gharama ya kukishinda chuo kinacholipia leseni za programu kila mwaka. Gumu litakuwa kumshawishi mkuu wa idara kwamba posho ya mtahini wa nje inaweza kulipwa kwa mtu aliyevaa ovaroli.