Vijana wafunzwe kukadiria umeme kabla ya kununua mitambo

Kila mwaka vijana wengi huhitimu katika vyuo vyetu vya ufundi wakiwa na vyeti vya kuchomelea vyuma, na wengi wao hulazimika kujiajiri. Aghalabu kazi wanayoipata si ya karakana, bali ya kuitwa: lango lililong'oka bawaba, kinu cha kusagia mahindi kilichovunjika mguu, trela iliyopasuka fremu mbali na nguzo ya umeme. Kijana wa namna hii hana budi kubeba umeme wake mwenyewe, na hapo ndipo elimu tuliyompa inapomtupa mkono.

Dukani huonyeshwa inveta ndogo iliyoandikwa ampea 250 kwa tarakimu kubwa, pamoja na jenereta ya bei nafuu ya kVA 2.5. Hutoa akiba yake yote. Akifika kazini, jenereta hunguruma, moto ukashika, kisha kila kitu kikazimika huku mteja akitazama. Watu husema mashine ni bandia. Yamkini si bandia. Ni hesabu iliyokosekana.

Hebu tuifanye. Fundi anayetumia rodi ya geji 12 huhitaji takriban ampea 80, na moto wenyewe huwa na volti 23 hivi. Zidisha, upate wati 1,840. Mashine nayo hupoteza sehemu ya nguvu kama joto, kwa hiyo huvuta yapata wati 2,200. Isitoshe, inveta nyingi za bei ya chini huvuta mkondo kwa vishindo, si kwa utaratibu. Gawanya kwa 0.7, nawe utaona kwamba jenereta yatakiwa kutoa zaidi ya kVA 3. Hiyo ni rodi nyembamba. Rodi ya geji 10, kwa ampea 120, hudai kVA 5 hivi.

Wala hatujamaliza. Injini hupumua hewa, na hewa ya nyanda za juu ni hafifu. Jenereta hupoteza kadiri ya asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Mjini Eldoret, ulio takriban mita 2,100 juu ya bahari, hutoweka yapata moja ya tano. Fundi wa Mombasa na fundi wa Eldoret wakinunua jenereta moja, hawakununua kitu kimoja. Kwa rodi ya geji 12 tu, huyu wa Eldoret ningemshauri atafute kVA 5, tena ile ya kufululiza, si ile ya kilele inayopambwa kwenye katoni.

Hesabu hii ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Mbona basi haifanywi darasani? Mwalimu wa fizikia anaweza kuleta kibandiko cha mashine kikasomwa na wanafunzi: ampea ngapi, na kwa dakika ngapi kati ya kila 10. Mashine iliyoandikwa asilimia 30 hufanya kazi dakika 3 ikapumzika 7, jambo ambalo muuzaji halitaji.

Wafunzwe pia kwamba jenereta haiwashwi chumbani, kwani moshi wake hubeba gesi inayoua bila harufu ya kuonya. Ikae nje, na waya wa kuifikia uwe mnene, maana waya mwembamba mrefu hula volti.

Nao wanaowapa vikundi vya vijana mitambo ya kuanzia kazi, waulize kwanza itatumika wapi. Penye umeme wa gridi, inveta pekee yatosha. Pasipo umeme, mashine bila jenereta ni pambo. Jenereta ya kVA 5 ni nzito na ghali kwa kijana mmoja. Wahitimu watatu wa kijiji kimoja waweza kupewa moja, pamoja na mkokoteni wa kuibebea.